Miaka 11 Bila Kliniki: Kisa cha Binti Aliyezaliwa na Tetralojia ya Fallot

Kuhusu kisa hiki

Mgonjwa anayezungumziwa hapa ni Mtanzania, na ameridhia kisa chake kiandikwe ili wengine wajifunze. Jina lake, mkoa anakotoka, hospitali zote zilizomhudumia na tarehe kamili vimeondolewa, hivyo msomaji ataongozwa na umri wake badala ya miaka ya kalenda. Mimi nilianza kumhudumia akiwa na umri wa miaka 22, katika kliniki ya moyo ya watu wazima. Yaliyotangulia nimeyapata kwenye kadi zake za kliniki, kwenye muhtasari wa upasuaji wake, na kwa mama yake mzazi, ambaye alikumbuka mambo mengi ambayo mafaili yetu hayakuyahifadhi.

Usuli

Karibu mtoto 1 kati ya kila 100 huzaliwa na hitilafu ya moyo. Tetralojia ya Fallot, iliyopewa jina la daktari wa Marseille, Ufaransa, aliyeieleza kwa kina mwaka 1888, ndiyo inayoongoza miongoni mwa zile zinazomfanya mtoto awe na rangi ya samawati. Ndani yake mna mambo manne: tundu kubwa kati ya chemba mbili za chini za moyo, njia nyembamba, iliyobanwa, ya kupeleka damu kwenye mapafu, aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni kwenda mwilini) iliyokaa juu ya tundu lile badala ya kukaa upande wa kushoto peke yake, na misuli ya chemba ya chini ya kulia iliyonenepa kwa kusukuma damu dhidi ya kizuizi. Damu isiyopata nafasi ya kupita mapafuni huvuka tundu na kuingia kwenye aota ikiwa haina oksijeni ya kutosha, na hapo ndipo rangi ya mtoto hubadilika.

Mtoto huyu alizaliwa katika zahanati, akiwa na uzito wa kawaida, na alilia vizuri. Alipofikisha miezi mitano mama yake aliona midomo ikibadilika rangi kila anapolia kwa muda mrefu. Alimpeleka zahanati mara nyingi, na kadi ya kliniki inaonyesha alitibiwa nimonia mara sita kabla ya kufikisha miaka mitatu. Mara mbili aliandikiwa dawa za kuongeza damu, na baadaye, kwa kuwa kipimo cha damu kilisoma kiwango cha kawaida, dawa hizo zikasimamishwa. Jambo hili si la kupita haraka: kwa mtoto ambaye oksijeni yake iko chini, mwili hutengeneza chembe nyekundu nyingi kupita kiasi, kwa hiyo kiwango kinachoonekana cha kawaida kwa mtoto mwingine huweza kumaanisha kwamba huyu ana upungufu wa madini ya chuma, na upungufu huo huongeza hatari ya kiharusi.

Alipoanza kutembea masafa marefu kidogo, alikuwa akifuatana na mama yake kisimani. Kila baada ya hatua chache alichuchumaa, akakaa hivyo kama dakika moja, kisha akainuka na kuendelea. Mama alidhani anadeka. Majirani waliona ni uvivu, na bibi mmoja wa pale kijijini aliwahi kusema mtoto anayekaa hivyo anaita mdogo wake. Hakuna aliyejua kwamba mtoto alikuwa amegundua mwenyewe tiba ya muda ya ugonjwa wake. Kuchuchumaa hukunja mishipa ya miguu na kuongeza ukinzani katika mzunguko wa damu wa mwili, hivyo damu nyingi zaidi hulazimika kupita mapafuni, na oksijeni hupanda.

Aliyeligundua tatizo alikuwa tabibu wa kituo cha afya, mtoto akiwa na miaka minne. Alisikia sauti isiyo ya kawaida kati ya mapigo ya moyo, akaangalia ulimi na ufizi badala ya ngozi, akaandika rufaa siku hiyo hiyo. Familia haikuwa na nauli. Miaka mitatu ilipita kabla ya mtoto kufika mbele ya mashine ya eko, ile inayoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti. Siku hiyo oksijeni yake ilikuwa 74%, hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) 64%, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimevimba na kucha kujipinda. Ugonjwa ulithibitishwa, akaanzishiwa propranolol ili kuzuia vipindi vya ghafla vya kukosa oksijeni, na mama akafundishwa kumkunja magoti hadi kifuani kipindi hicho kikija. Aliniambia alifanya hivyo mara tatu katika miaka miwili ya kusubiri, mara moja ndani ya daladala.

Upasuaji akiwa na miaka tisa

Wakati huo watoto wengi wa Tanzania wenye tatizo hili walipelekwa India kwa matibabu. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilizinduliwa Dar es Salaam miaka kadhaa baadaye, mwaka 2015. Binti alisafiri na mjomba wake, kwa sababu mama alikuwa na mtoto mchanga.

Upasuaji wenyewe una historia ndefu. Mwaka 1944, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Alfred Blalock, Helen Taussig na Vivien Thomas walionyesha kwamba mtoto anaweza kusaidiwa kwa kuunganisha mshipa wa mkono na mshipa wa mapafu, bila kuugusa moyo. Miaka kumi baadaye Walton Lillehei wa Minnesota alifungua moyo wenyewe na kuurekebisha, mtu mwingine, mara nyingi mzazi, akiwa amelala pembeni na mzunguko wa damu yake ukimtegemeza mtoto. Baada ya hapo mashine ya moyo na mapafu ilichukua nafasi ya mtu huyo, na urekebishaji kamili ukawa tiba ya kawaida.

Kwa binti huyu daktari wa upasuaji aliziba tundu kwa kiraka, akakata misuli iliyobana njia ya mapafu, kisha akapima duara la vali ya mapafu, yaani mlango unaozuia damu iliyokwenda mapafuni isirudi. Lilikuwa dogo mno kwa umri na uzito wake. Angeliacha lilivyo, chemba ya kulia ingeendelea kusukuma dhidi ya kizuizi kikali na huenda mtoto asingevuka siku za mwanzo. Alipasua duara hilo na kushona kiraka kilichovuka vali, kwa hiyo njia ikapanuka lakini vali ikabaki haifungi. Ulikuwa uamuzi sahihi, na muhtasari wa upasuaji unaueleza wazi pamoja na gharama yake: damu itakuwa inavuja kurudi kwenye chemba ya kulia kwa kila pigo.

Alirudi nyumbani oksijeni ikiwa 97%. Alikuwa na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiingereza, uliojaa vifupisho, ambao mama aliuhifadhi ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha kuzaliwa. Mstari wa mwisho wa ukurasa wa pili unaagiza kwamba mgonjwa afuatiliwe kila mwaka kwa maisha yake yote. Nimeuona mstari huo kwa macho yangu. Kwa miaka 13 hapakuwa na mtu aliyeusomea familia kwa Kiswahili.

Neno lililosemwa

Kwa miaka miwili alihudhuria kliniki ya watoto. Alinenepa, akarefuka, akaanza kukimbia na wenzake. Alipofikisha miaka 11, daktari aliyemwona alifurahi pamoja na familia, na kwa maelezo ya mama alisema: "Mama, mtoto amepona. Mleteni akipata shida." Simlaumu daktari huyo. Kwa muda mrefu hata vitabu vya fani hii vilichukulia uvujaji wa vali ya mapafu baada ya upasuaji wa Fallot kuwa jambo dogo ambalo moyo hulivumilia, na ni ufuatiliaji wa wagonjwa waliofikia utu uzima ndio uliobadilisha fikra hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu wagonjwa 793 waliorekebishwa Fallot, ukiongozwa na Michael Gatzoulis, ulionyesha kwamba uvujaji huo ndio uliokuwa nyuma ya sehemu kubwa ya mapigo hatari ya moyo na vifo vya ghafla miaka mingi baada ya upasuaji. Maarifa hayo yalikuwepo binti alipokuwa kliniki, ila hayakuwa yamefika kwenye mazungumzo ya mlangoni.

Baada ya hapo hakuonwa na daktari wa moyo kwa miaka 11. Alisoma sekondari ya bweni, akacheza netiboli hadi kidato cha tatu, kisha akaacha kwa sababu alikuwa akichoka kabla ya wenzake. Yeye na walimu wake waliona ni unene. Aliolewa akiwa na miaka 21.

Ujauzito

Alikwenda kliniki ya wajawazito ya kituo cha afya mimba ikiwa na wiki 14. Mkunga aliyempokea alikuwa mtu mzima, mwenye uzoefu mrefu, na alipomfungua khanga ili amsikilize mapafu aliona kovu lililoshuka katikati ya kifua. Alimuuliza, "Hili kovu la nini, mwanangu?" Binti akajibu, "Nilipasuliwa moyo nikiwa mdogo, mama, lakini nilishapona." Mkunga angeweza kuliamini jibu hilo, maana mapigo yalikuwa 88 na shinikizo la damu lilikuwa zuri. Badala yake alimwomba aje kesho na karatasi zote za hospitali zilizopo nyumbani. Mfuko wa plastiki ulifunguliwa pale mezani, na ingawa mkunga hakuelewa vifupisho vyote, alielewa mstari wa mwisho. Alimpa rufaa.

Alipofika kwetu eko ilionyesha mambo matatu: vali ya mapafu ilikuwa inavuja sana, chemba ya kulia ilikuwa imetanuka kupita ya kushoto, na vali iliyo kati ya chemba mbili za kulia nayo ilikuwa imeanza kuvuja kwa sababu ya kuvutwa. Upande wa kushoto ulikuwa mzima. Katika ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ishara ya umeme ilichukua milisekunde 166 kupita katika chemba za chini. Tafiti za Gatzoulis na wenzake zimeweka alama ya hatari kwenye milisekunde 180.

Tulikutana watu wa fani nne: moyo, uzazi, usingizi na watoto wachanga. Swali la kwanza lilikuwa kama vali ibadilishwe wakati wa ujauzito. Tuliamua isibadilishwe. Kuweka mama mjamzito kwenye mashine ya moyo na mapafu huhatarisha uhai wa mtoto tumboni, na mgonjwa wetu, ingawa moyo wake ulikuwa umetanuka, alipanda ngazi za ghorofa moja bila kusimama. Swali la pili lilikuwa kama mimba iendelee. Hapa tulimweleza ukweli wote mbele ya mumewe, kwa ombi lake mwenyewe: kwamba wakati wa ujauzito moyo husukuma damu zaidi kwa asilimia 30 hadi 50, kwamba chemba yake ya kulia ingeweza kushindwa au kuanza kupiga bila mpangilio, na kwamba wanawake wengi waliorekebishwa Fallot hujifungua salama wakiangaliwa kwa karibu. Alichagua kuendelea.

Suala la mtoto lilijadiliwa pia. Kwa mama mwenye Fallot, uwezekano wa mtoto kuzaliwa na hitilafu ya moyo ni wa asilimia chache, juu kidogo ya ule wa watu wote, isipokuwa pale ugonjwa unapotokana na kipande kilichokosekana katika kromosomu ya 22, ambapo uwezekano wa kurithisha ni nusu kwa nusu. Hatukuwa na kipimo hicho karibu. Tulichunguza sura yake, kaakaa na kiwango cha kalsiamu, hatukuona dalili, tukamweleza kwamba hilo linapunguza wasiwasi bila kuuondoa. Eko ya mtoto tumboni katika wiki ya 21 ilionyesha moyo uliokaa sawasawa.

Uamuzi ambao leo naona ulikuwa na uzito kuliko mingine ulichukua nusu saa tu. Muuguzi wa kliniki alipendekeza mpango wote uandikwe kwa Kiswahili kwenye ukurasa mmoja, mgonjwa atembee nao, na nakala ipelekwe hospitali ya wilaya yake. Ukurasa ulieleza moyo wake ukoje, dawa gani anatumia, dalili gani zimfanye aende hospitali usiku huo huo, na namba ya simu ya zamu. Chini tuliandika, kwa ajili ya daktari atakayempokea: mapigo yakizidi 120 na yasishuke kwa dakika 20 akiwa amelala, afanyiwe ECG na kupiga simu kabla ya kumpa dawa yoyote ya mapigo.

Usiku wa wiki ya 31

Saa nane usiku aliamka na kifua kinachodunda. Mumewe alihesabu mapigo shingoni, kama tulivyomfundisha, yakawa kama 150. Waliondoka na bodaboda hadi hospitali ya wilaya, ukurasa ukiwa ndani ya pochi. Daktari wa zamu alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza kazini. Aliusoma, akafanya ECG, akaipiga picha na kunitumia. Ilikuwa ni mapigo ya haraka ya chemba ya juu, flata, ambapo chemba ya juu ilikuwa ikizunguka mara 300 kwa dakika na kila pigo la pili kupita chini. Kwa wanaorekebishwa Fallot mapigo haya hutokea mara nyingi kuzunguka kovu la upasuaji kwenye chemba ya juu ya kulia, ambayo nayo hutanuka.

Gari la wagonjwa lilifika kwetu baada ya saa tatu. Shinikizo lilikuwa limeshuka hadi 88 kwa 54, na miguu ilikuwa baridi. Kulikuwa na hofu ndani ya chumba kuhusu mshtuko wa umeme kwa mjamzito, na hofu hiyo inaeleweka kwa mtu ambaye hajawahi kuufanya. Lakini umeme unaopita kifuani huacha kiasi kidogo sana kwenye mji wa mimba, na hatari kubwa zaidi kwa mtoto ni mama mwenye shinikizo la chini. Tulimlaza ameegemea upande wa kushoto, daktari wa usingizi akampa usingizi, mapigo ya mtoto yakasikilizwa kabla na baada, na mshtuko mmoja uliolinganishwa na mapigo, wa julesi 100, ulirudisha mpangilio. Mapigo ya mtoto hayakubadilika. Alianzishiwa heparini ya kuzuia damu kuganda na metoprolol ya kutuliza mapigo, na hatukumruhusu kurudi nyumbani hadi alipojifungua.

Alijifungua kwa njia ya kawaida katika wiki ya 38, uchungu ukiwa umeanzishwa mchana siku ya kazi ili watu wote wawepo. Alipewa sindano ya ganzi ya mgongoni mapema ili maumivu yasimpandishie mapigo, na kichwa cha mtoto kilipofika chini kilisaidiwa na vakyumu ili asisukume kwa muda mrefu. Mtoto wa kike, kilo 2.7. Tulimwangalia mama kwa saa 72 katika chumba cha uangalizi maalumu, kwa kuwa baada ya kondo kutoka damu nyingi hurudi kwenye moyo kwa ghafla, na siku ya pili alihitaji dawa ya kupunguza maji mwilini. Mtoto alipimwa oksijeni mkono wa kulia na mguu, 98% kote kuwili.

Vali mpya

Kwa miezi kumi tulimtayarisha. Aliwekewa kijiti cha uzazi wa mpango kisicho na estrojeni. MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, ilionyesha chemba ya kulia ikiwa na mililita 174 kwa kila mita ya mraba ya mwili inapojaa na 96 inapokamua. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2020 inashauri kufikiria vali mpya inapofika 160 na 80, hata kwa mgonjwa asiye na dalili.

Tulijadili vali ya kupitisha kwenye mshipa wa paja bila kufungua kifua, njia ambayo Philipp Bonhoeffer aliitumia kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 2000. Kwa mgonjwa huyu njia ya mapafu, iliyopanuliwa kwa kiraka utotoni, ilikuwa imetanuka mno kwa vali tulizoweza kuzipata, hazingeshika. Alifunguliwa kifua mara ya pili. Aliwekewa vali ya tishu, si ya chuma, kwa sababu ya chuma ingemlazimu kutumia wofarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote, na dawa hiyo ni hatari kwa mimba ya baadaye. Katika upasuaji huo huo, njia ya umeme iliyokuwa ikizunguka kovu ilikatwa. Tulimweleza mapema kwamba vali ya tishu huchakaa, kwa kawaida ndani ya miaka kumi hadi kumi na mitano au zaidi kidogo, na kwamba itakayofuata huenda ikapitishwa ndani ya hii bila kupasua. Mwaka mmoja baadaye chemba ilikuwa imepungua hadi mililita 118, na hakuna pigo la haraka lililorudi.

Uchambuzi

Kushindwa kwa kwanza kulitokea kabla ya upasuaji. Mtoto aliyetibiwa nimonia mara sita alipaswa kusikilizwa moyo na kupimwa oksijeni, na kwa ngozi nyeusi rangi ya samawati haionekani kwa mtu anayetazama mashavu. Inaonekana kwenye ulimi, ufizi na chini ya kucha, na hata hapo jicho hukosea. Kifaa cha kidoleni hakikosei kwa kiasi hicho na bei yake inaweza kulipwa na zahanati. Miaka mitano ya oksijeni ya 70 na kitu ina maana ya chemba iliyonenepa zaidi, na pengine ya kovu ndani ya misuli yake ambalo hakuna vali itakayoliondoa.

Kushindwa kwa pili ndiko nilikokusudia kukiandikia kisa hiki. Moyo wa binti ulirekebishwa vizuri, na aliyeurekebisha aliandika kinachotakiwa kufanyika. Lakini agizo lilibaki kwenye karatasi kwa lugha isiyo ya nyumbani, na neno lililosikika lilikuwa "amepona". Kwa Mswahili aliyepona hana la kutafuta hospitali. Familia hii haikupuuza ushauri. Iliutii ushauri iliopewa, na mama aliyemkunja mwanawe magoti ndani ya daladala angemleta kliniki kila mwaka kama angeambiwa. Ninapowasikia wenzangu wakiwaita wagonjwa wa namna hii watoro, naumia.

Wala tatizo hili si la nchi zenye kipato kidogo peke yake. Utafiti wa Toronto, Kanada, uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta kwamba chini ya nusu ya vijana waliozaliwa na hitilafu nzito za moyo walifika kliniki ya watu wazima baada ya kuiacha ya watoto, na ule wa Quebec, nchini humo humo, wa mwaka 2009 ulikuta zaidi ya nusu wakiwa wameacha ufuatiliaji baada ya kutimiza miaka 18. Pale Toronto, waliofika walikuwa zaidi wale ambao ushauri wa kuendelea ulikuwa umeandikwa kwenye faili. Tofauti yetu ni kwamba kliniki ya watu wazima inayojua magonjwa haya mara nyingi iko mbali na mgonjwa, kwa hiyo anayedondoka hapa hudondoka mbali zaidi.

Kushindwa kwa tatu ni ukimya kuhusu uzazi. Tangu alipovunja ungo hadi anaolewa hakuna mhudumu aliyemwambia kwamba moyo wake na mimba vinahusiana. Wakati bora wa kubadilisha vali ulikuwa kabla ya ujauzito, pengine akiwa na miaka 19 au 20, ambapo njia ya mapafu huenda ingekuwa nyembamba kiasi cha kupokea vali ya kupitisha kwenye mshipa. Siwezi kulithibitisha hilo, lakini ndilo ninalolifikiria nikiangalia picha zake za MRI.

Kilichofanikiwa kilikuwa kidogo kwa ukubwa. Swali la mkunga kuhusu kovu, halafu kutoridhika kwake na jibu. Ukurasa mmoja wa Kiswahili ambao ulimzuia daktari mchanga, peke yake saa tisa usiku, asitoe dawa ambayo ingeshusha shinikizo zaidi. Mume aliyefundishwa kuhesabu mapigo. Mshtuko wa umeme ulifanyika kwa wakati kwa sababu ndani ya chumba mlikuwa na mtu aliyekwisha kujua kwamba unafaa kwa mjamzito.

Kuhusu miezi kumi tuliyosubiri baada ya kujifungua, wenzangu wawili waliona ni mingi. Sehemu ilikuwa ya kitabibu, maana moyo huhitaji miezi kadhaa kurudi katika hali yake baada ya mimba na kipimo cha mapema kingetupotosha. Sehemu nyingine ilikuwa ni kusubiri fedha. Tafiti zinaonyesha kwa uthabiti kwamba vali mpya huipunguza chemba na kumpa mgonjwa nguvu, ilhali ushahidi kwamba huongeza uhai ni dhaifu zaidi, kwa kuwa unatokana na kufuatilia wagonjwa na si na majaribio ya kuwagawa kwa bahati nasibu. Kwa msingi huo sidhani tulimdhuru, ila sehemu ya fedha haikupaswa kuwepo.

Kliniki yetu imebadilisha fomu ya kuruhusu wagonjwa waliopasuliwa moyo utotoni. Mstari wa kwanza sasa unasema, "Moyo wako umerekebishwa na unahitaji kuangaliwa kila mwaka," na mzazi huombwa aurudie kwa maneno yake kabla ya kuondoka. Kwa vijana wa kuanzia miaka 14 mstari huo huelekezwa kwao wenyewe.

Alipo sasa

Binti huja kliniki kila baada ya miezi sita, na anajua kwamba kabla ya kung'oa jino lazima atumie antibayotiki ili vali isipate maambukizi. Katika hudhurio lake la mwisho aliuliza kama anaweza kupata mtoto wa pili. Tumempangia eko, ECG ya saa 24 na kipimo cha mazoezi, na kijiti kitabaki hadi majibu yatoke. Mwanawe alikuja naye, akiwa anakimbia kwenye korido, na mama alituomba tumpime naye oksijeni, kwa kuwa alikuwa amemwona akichuchumaa. Tulimpima. Ilikuwa 99%, na mtoto alikuwa amechuchumaa kuokota kizibo cha soda.